Uzio wa Tembo Kilwa: Nguvu Yake Iko Kwenye Kikombe

Tembo haingii shambani ovyo. Katika vijiji vya magharibi mwa Wilaya ya Kilwa, kama Njinjo, Miguruwe na Nainokwe, na kote Liwale, msimu wake unajulikana: mahindi yanapokomaa, mpunga wa bonde la Matandu unapochanua, mihogo inaponenepa, na tena mwishoni mwa mwaka mabibo yanapodondoka chini ya mikorosho. Mkulima hulala kwenye dungu na tochi, debe na kijinga cha moto, na bado usiku mmoja unaweza kumaliza kazi ya miezi minne. Ndiyo maana habari za uzio wa umeme zinasikilizwa kwa hamu. Wanaozizungumza huanza na mambo makubwa: waya wa kilomita ngapi, sola ya ukubwa gani, fedha zitatoka kwa nani. Kwa mwambao wa Lindi, mimi naona swali la kwanza liwe juu ya kitu kinachoenea kiganjani, yaani kikombe cha kauri au plastiki kinachoushika waya usigusane na nguzo ya mti. Hapo ndipo uzio unapopata nguvu au kuikosa, na kijiji kinachopanga uzio kingefanya vyema kuanza hesabu zake hapo.

Ugomvi wa mkulima na tembo katika eneo hili ni wa muda mrefu. Wajerumani walianza kutenga ardhi ya wanyama upande wa Rufiji mwaka 1896, na baadaye Waingereza wakaipanua ikawa Pori la Akiba la Selous. Katikati ya miaka ya 1940 watu wengi wa Liwale walihamishwa kwa sababu ya malale, na mashamba waliyoyaacha yakaingizwa ndani ya pori hilo. Mwaka 1976 tembo wa Selous na maeneo jirani walikadiriwa kufika 110,000 hivi. Ujangili ukawapukutisha: sensa ya mwaka 2009 ilikuta karibu 39,000, na ile ya 2013 ikakuta 13,084 tu. Tangu hapo ulinzi umeimarishwa, na mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Tembo waliobaki hawaondoki, na hakuna mwenye akili anayetaka waondoke kwa bunduki. Lakini mkulima naye yupo, na Kanuni za mwaka 2011 zilimwekea kifuta jasho cha kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, kulingana na umbali wa shamba lake kutoka mpaka wa hifadhi, kisichozidi ekari 5. Fedha hizo hazilingani na magunia ya mahindi yaliyopotea. Kuzuia hasara kunambakizia mkulima chakula chake, na uzio wa umeme uliojengwa sawasawa ni mojawapo ya njia chache ambazo tembo huziheshimu.

Neno muhimu hapo ni "sawasawa". Uzio wa aina hii haufanani na umeme wa nyumbani. Mashine ndogo inayotumia betri na sola husukuma pigo moja la umeme kila baada ya sekunde moja hivi, na kila pigo hudumu kwa muda mfupi kuliko sehemu moja ya elfu ya sekunde. Msukumo wake ni mkubwa, kati ya volti 5,000 na 10,000, lakini nishati yake ni ndogo, hivyo mnyama au mtu anayegusa hupata uchungu mkali bila kuuawa. Umeme hutoka kwenye waya, hupita mwilini mwa tembo, hushuka ardhini na kurudi kwenye mashine kwa fimbo za ethi zilizochimbiwa kando yake. Wakati wa kiangazi mchanga ukiwa mkavu njia hiyo ya ardhini hudhoofika, kwa hiyo wajenzi wazuri huongeza waya wa ethi kati ya nyaya mbili zenye umeme. Tembo ana ngozi nene na nyayo pana kavu. Pigo la volti 2,000 linalomtimua mbuzi kwake ni dogo mno. Na akishajua kuwa waya fulani haumi, hasahau.

Sasa tuitazame nguzo. Wengi husema mti haupitishi umeme, kwa hiyo waya unaweza kupigiliwa tu kwa msumari. Kwa mti mkavu kabisa maneno hayo yana ukweli. Ila upinzani wa mti dhidi ya umeme hubadilika mno kwa unyevu: mti wenye unyevu wa asilimia 25 au 30 hupitisha umeme kwa zaidi ya mara 100,000 kuliko mti huohuo ukiwa umekauka hadi asilimia 7. Nguzo iliyosimama Kilwa haifikii ukavu huo hata Agosti, kwa sababu hewa ya mwambao ina unyevu mwaka mzima. Mti wa hapa haukauki kama wa Dodoma. Na linganisha kalenda mbili. Katika Mkoa wa Lindi mvua huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Mahindi hukomaa ndani ya kipindi hichohicho. Yaani usiku ambao tembo ana sababu kubwa kuliko zote ya kuingia shambani ndio usiku ambao nguzo imeloa hadi kiini. Anayeujaribu uzio wake Septemba akaona unapiga vizuri, kisha akalala usingizi Machi, amepima siku isiyo na maana.

Hesabu inaonyesha ukubwa wa tatizo. Chukua kitalu cha mashamba chenye upande wa kilomita 1, yaani hekta 100 au ekari 250 hivi. Mzunguko wake ni kilomita 4. Ukiweka nguzo kila mita 10 utahitaji nguzo 400, na kwa nyaya mbili zenye umeme utapata sehemu 800 ambazo waya unakutana na nguzo. Tuseme katika kila sehemu umeme unavuja kupitia mti ulioloa wenye upinzani wa omu 100,000. Ukiangalia nguzo moja, hicho ni kiasi kidogo kisichomshtua fundi. Lakini njia 800 zikivuja kwa pamoja, upinzani wa uzio mzima huanguka hadi omu 125. Watengenezaji wa mashine hizi huzipima kwa mzigo wa omu 500 na kuuhesabu kuwa mzigo mzito, kama wa uzio uliozongwa na majani. Chini ya hapo volti huporomoka. Ukiweka vikombe vizima vya kauri, kila kimoja kikiwa na upinzani wa omu mamilioni ya mamilioni au hata mamilioni mia kadhaa tu, mvujo wa nguzo zote 400 unakuwa si kitu. Waya ni uleule, mashine ni ileile, mkulima ni yuleyule. Jahazi la Kilwa Kivinje halizamishwi na ubao wake; maji huingia penye kalafati iliyooza, na uzio nao ndivyo ulivyo.

Kuna wanaojibu kwamba miti migumu ya kusini, mkongo au mpingo, ni mizito na haisharabu maji kirahisi kama mti laini. Ni kweli hudumu zaidi, na mchwa huisumbua kidogo. Hata hivyo maji ya mvua hayana haja ya kuingia ndani. Utando wa maji juu ya gome au juu ya vumbi lililoganda unatosha kuupeleka umeme ardhini. Tena mpingo ni mti wa thamani kubwa wa kutengenezea zumari na klarineti. Kuuchimbia ardhini uwe nguzo ya waya ni kutupa mali. Jibu jingine linalosikika ni la kubana matumizi: shingo za chupa, vipande vya mpira wa maji, plastiki za madumu. Nalipa heshima jibu hili, maana linatoka kwa watu wanaojua shida. Shingo ya chupa ya kioo ni kihami kizuri kabisa, ila haina mahali pa kufungia skurubu na hupasuka waya unapokazwa. Mpira wa maji ni wa hatari zaidi kwa sababu unaonekana umefaa. Mingi ya rangi nyeusi ina kaboni, ambayo hupitisha umeme kidogo; msumari ukiutoboa, waya na msumari hukaribiana kwa unene wa kucha; na jua la Lindi huukausha ukapasuka. Hapo umeme hauruki kwa kishindo ambacho mtu angekisikia, unavuja kimyakimya. Plastiki ya vikombe halisi hutiwa viungo vya kuzuia mionzi ya jua, na hicho ndicho unacholipia.

Kazi yenyewe ya kufunga haihitaji injinia, inahitaji uangalifu. Nguzo ikatwe kiangazi, imenywe gome, iachwe ikauke kivulini kabla ya kuchimbiwa. Kitako chake kichomwe juujuu au kipakwe dawa dhidi ya mchwa. Mti mgumu utobolewe kwanza kwa keke au drili, tundu likiwa jembamba kuliko skurubu, kwa sababu skurubu inayolazimishwa ndani ya mkongo hukatika kichwa, na nguzo changa inayopigwa msumari hupasuka kufuata nyuzi zake, kisha ufa huo ukawa mfereji wa maji. Kikombe kikae upande anaotoka tembo, ili anayetaka kuisukuma nguzo akutane na waya kwanza. Kikae kiasi cha maji kutiririka na kudondoka. Chenye mdomo kama kofia kitazame chini, kisije kikakinga mvua. Waya upite ndani yake kwa ulaini, bila kufungwa kitanzi, uweze kuteleza pindi tawi linapouangukia. Ukibanwa kila nguzo, tawi moja litang'oa vikombe vitatu. Kwenye kona mambo ni mengine. Hapo waya hukazwa kwa nguvu nyingi, na kikombe cha kawaida cha skurubu hung'oka. Kinachofaa ni kile cha kauri chenye umbo la yai, chenye matundu mawili yanayopishana, ambamo kitanzi cha waya wa uzio na kitanzi cha waya wa nguzo hukumbatiana huku kauri ikiwa katikati yao. Kauri huvumilia kubanwa kuliko kuvutwa, na hata yai likipasuka vitanzi hubaki vimeshikana, waya haudondoki. Ni kifaa cha miaka mingi sana, na sijui kilichobuniwa baadaye kikakishinda kwa kazi hiyo.

Mkulima atauliza kwa nini asitumie mikorosho iliyo mpakani mwa shamba badala ya kukata nguzo. Anaweza, ila ajue kwamba mti ulio hai una maji ndani yake kiangazi na masika, kwa hiyo kila kikombe kibovu juu yake huvuja mwaka mzima. Mti pia hunenepa. Kikombe kilichofungwa kwenye gome humezwa pole pole hadi waya unagusana na utomvu. Dawa yake ni kipande cha ubao kinachopigiliwa kwenye mti kikiwa na nafasi ya kukua, na kikombe kikafungwa juu ya ubao huo. Matawi ya chini nayo yapunguzwe.

Kadiri unavyosogea baharini, Mandawa au Somanga, huingia adui mwingine, naye ni chumvi. Upepo wa bahari huiacha juu ya kikombe kama vumbi jembamba. Mchana haina madhara. Alfajiri umande unapoilowesha huwa utando unaopitisha umeme kutoka waya hadi skurubu. Mafundi wa umeme wa mwambao wowote duniani wanalijua tatizo hili, na ndiyo sababu vikombe vya njia kubwa za umeme hufinyangwa na mikunjo mingi: umeme unaotambaa juu yake hulazimika kusafiri umbali mrefu. Kwa uzio wa karibu na bahari, kikombe kidogo laini cha bei rahisi hakitoshi. Kinunuliwe kikubwa chenye mikunjo, na kifutwe kwa kitambaa na maji baridi mara kwa mara wakati wa kiangazi, ambapo hakuna mvua ya kukiosha. Njinjo na Liwale, mbali na bahari, hawana haja ya gharama hiyo. Kule fedha ziende kwenye kufyeka majani na kulinda nguzo dhidi ya moto wa nyika, unaoyeyusha plastiki yote kwa jioni moja.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni kwamba tembo ana akili kuliko uzio. Pembe zake hazipitishi umeme vizuri, na madume wengine hujifunza kukata waya kwa pembe au kuisukuma nguzo kwa mguu. Hili limethibitika Kenya. Katika hifadhi ya Lewa ilibidi madume wavunjaji wapunguzwe pembe. Nakubali kwamba hakuna uzio unaomzuia kila tembo. Lakini angalia wanachovunja: huvunja nguzo, mahali ambapo pigo halipo. Jibu la mafundi limekuwa kuweka vipande vya waya vinavyotokeza nje ya nguzo, vyenye umeme, ili mnyama asiifikie nguzo bila kupigwa. Vipande hivyo hushikwa na vikombe. Na uzio uliopoteza nguvu ndio shule ya wavunjaji. Karibu na Amboseli, uzio mmoja ulipobaki bila umeme, tembo waliendelea kuupita. Matengenezo yalionekana kuamua zaidi kuliko sifa za uzio siku ya kuzinduliwa.

Hapo ndipo mjadala wa vikombe unapogeuka kuwa mjadala wa ramani. Kenya ilizungushia milima ya Aberdare uzio wa karibu kilomita 400, kazi iliyoanza mwaka 1989 na kukamilika 2009 chini ya Rhino Ark na wenzake, nao unatunzwa na watumishi wanaolipwa kuutembelea. Kuna watu wanaoota jambo kama hilo kwenye mpaka wa Nyerere. Mimi naliona ni kosa kwa Kilwa. Hifadhi hiyo ina kilomita za mraba zaidi ya 30,000. Uzio wa mpaka wake ungehitaji vikombe kwa maelfu ya maelfu porini kusikokaa mtu, na ungekata mapito ya tembo wanaokwenda kusini kuelekea Niassa. Sri Lanka imekwisha kulipa ada ya somo hili. Nyaya nyingi za serikali ziliwekwa kwenye mipaka ya kiutawala ya hifadhi, tembo wakawa pande zote mbili, na hakuna mwanakijiji aliyeona kuwa kikombe kilichopasuka msituni ni shauri lake. Baadaye watafiti wa huko, Prithiviraj Fernando na wenzake, walifanya kazi na wakulima kuzungushia vijiji na mashamba ya mpunga yenyewe. Uzio wa mashamba huwekwa msimu wa kilimo na kuondolewa baada ya mavuno. Aliyelala karibu na waya ndiye anayeukagua asubuhi. Kitalu cha kilomita 4 kinatembelewa kwa saa moja na nusu kabla ya chai.

Nani atembelee? Kilwa ina jibu ambalo wilaya nyingi hazina. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora wa misitu kupitia shirika la uhifadhi la MCDI, na vijiji kadhaa vimefuata, vikiuza mpingo na mbao nyingine kutoka misitu yao vyenyewe kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Vijiji hivyo vina Kamati za Maliasili zinazofanya doria, vina vitabu vya mapato, na vina miti ya kukata nguzo kihalali. Mtu anayejua kupima gogo atashindwaje kusoma kipima volti? Hata kipima kikikosekana, redio ndogo ikiwekwa kwenye masafa ya kati karibu na uzio hutoa mlio kila umeme unaporuka penye kikombe kibovu, na usiku wa giza cheche yenyewe huonekana. Akiba ya vikombe ikae kijijini, sio Dar es Salaam. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara kuu ya kwenda Lindi ilikatika Somanga. Uzio unaongoja kipuri kutoka mjini wakati kama huo hauna kazi.

Wapo wanaopendelea nyuki. Utafiti wa Lucy King huko Sagalla, karibu na Tsavo, ulionyesha kuwa mizinga iliyounganishwa kwa waya ilizuia karibu asilimia 80 ya tembo waliosogea, na asali ikawa faida juu. Pilipili nayo ina watu wake. Sioni sababu ya kuchagua upande: nyuki huhama mizinga kiangazi, waya hudhoofika masika, na shamba lenye vyote viwili linalindwa miezi mingi zaidi. Wasiwasi kwamba waya utaibwa kutegea wanyama ni wa haki, na kinga yake ni ileile ya uzio mfupi wenye wenyewe. Jambo moja tu halina mjadala: asithubutu mtu kuunganisha waya wa shamba na umeme wa nyumbani. Huo huua mtoto na tembo sawasawa, na hakuna kikombe kinachoutuliza.

Kijiji kinachofikiria uzio kikate nguzo Juni au Julai, kifunge Oktoba, na kiujaribu kwa mara ya pili baada ya mvua kubwa ya kwanza, saa ambayo mti umeloa. Na halmashauri au mfadhili anayekuja na ahadi ya kilomita kadhaa za waya aulizwe kabla ya sahihi: vikombe ni vya nini, vya akiba ni vingapi, vya kona ni vya aina gani, na kina nani kijijini watafundishwa kuvifunga na kuvibadilisha. Asipoweza kujibu, mradi urudishwe mezani kwanza.